ALLEN AU BO? MBACHAO NA MSALA UPITAO

Wapenzi wa mpira wa Mombasa hawahitaji kufunzwa ubishi. Tangu enzi za Feisal na Mwenge, mtu anaweza kukaa barazani baada ya sala ya alasiri hadi adhana ya magharibi akibishania jambo moja tu: fulani aanze, au fulani akae benchi. Kahawa tungu hunywewa, haluwa huliwa, na hapana anayekubali kushindwa. Kesho yake huanza upya kana kwamba jana hapakusemwa neno.

Ubishi ninaouleta leo, msomaji wangu, si wa kwetu. Ni wa mji wa Los Angeles, huko Marekani, na ulianza mwaka 1987. Nimeujua kwa mpwa wangu, aliyeishi California miaka mingi akarudi na mapenzi ya mchezo ambao hapa kwetu hauna hata jina lililotulia. Filamu za mechi zenyewe tumezitazama mara nyingi kwenye simu yake, naye huisimamisha picha kwa kidole kila anapoona imemfaa yeye. Mpwa wangu ni mtu wa Bo Jackson. Mimi ni mtu wa Marcus Allen. Nyumbani hunikatiza kabla sijamaliza, kwa hivyo nimeona heri niipeleke kesi yangu gazetini, ambako hapana wa kunishika ulimi.

MTU WA KUBEBA MPIRA

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Mpira wenyewe si wa duara. Umechongoka ncha mbili kama papai changa, na huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, jambo ambalo Wamarekani wenyewe hawaoni ajabu yake. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ili wasogee mbele yadi 10. Wakizipata, hupewa majaribio mengine 4. Wakizikosa, mpira huenda kwa wenzao. Wakifika nao eneo la mwisho la uwanja, hupata pointi 6.

Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Nyuma yake husimama mtu ambaye kwao huitwa raningi beki. Mpwa wangu alitaka kumwita “mkimbizi”, nikamkataza, kwani wakimbizi ni watu waliopatwa na makubwa kuliko mpira. Nitamwita mbeba mpira. Yeye huukabidhiwa, akaukumbatia kifuani, akajitia baina ya majitu yenye uzito wa ratili 250 na 300 ambayo kazi yao ni kumwangusha.

Hiyo ndiyo kazi yake inayoonekana. Anazo nyingine mbili. Ya pili ni kuupokea mpira anaporushiwa na kwotabeki. Ya tatu ni kuwa ngao: wapinzani wakimvamia kwotabeki, yeye hujitupa mbele yao apigwe badala yake. Kwa kazi hii hapati hata yadi moja, mtangazaji halitaji jina lake, na kesho huamka ana maungo yaliyovilia damu. Na yote matatu humla mtu upesi. Wabeba mpira wengi hawafiki miaka 30 wakiwa bado na magoti ya kuaminika. Kwa hivyo mtu anapobishaniwa kama aanze au asianze, si heshima tu inayobishaniwa. Miaka yake ni michache, na kila mwaka anaokaa benchi haurudi.

MWENYE NYUMBA NA MGENI

Marcus Allen alizaliwa San Diego mwaka 1960. Alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, kabla jina lake halijavuma, aliwekwa mwaka 1979 kuwa fulubeki, yaani mtu wa kutangulia mbele ya mbeba mpira na kumfyekea njia. Aliyekuwa akifyekewa ni Charles White, na White ndiye aliyepata mwaka huo tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani yote. Allen akangoja zamu yake. Mwaka 1981 alikimbia zaidi ya yadi 2,000 katika msimu mmoja, jambo ambalo hapana mchezaji wa vyuo aliyewahi kulifanya kabla yake, na Heisman ikawa yake.

Mwaka 1982 alichukuliwa na Raiders, timu ambayo siku hizi iko Las Vegas lakini mwaka huo ilikuwa ndiyo kwanza imehama Oakland ikaingia Los Angeles. Tarehe 22 Januari 1984 Raiders walicheza fainali ya Super Bowl na Washington mjini Tampa. Mwisho wa robo ya tatu Allen alipewa mpira akaelekea kushoto, akakuta njia imezibwa na watu wanamjia. Mwingine angejitupa chini akubali hasara. Yeye aligeuka akarudi alikotoka, akaona upenyo katikati ya msitu ule wa miili, akaupenya, akaenda zake yadi 74 mpaka mwisho. Raiders walishinda 38 kwa 9, na Allen, aliyekimbia yadi 191 siku hiyo, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 1985 alikimbia yadi 1,759, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi ya NFL, akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Basi huyo ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1986 mambo yalimwendea kombo. Aliumia kifundo cha mguu, na mwezi wa Novemba, katika muda wa ziada dhidi ya Philadelphia, mpira ulimponyoka mikononi timu ikiwa karibu kushinda. Wapinzani waliuokota wakakimbia nao uwanja karibu wote, na mechi ikapotea. Msimu ulikwisha kwa kushinda 8 na kushindwa 8.

Sasa mgeni. Vincent Jackson alizaliwa Bessemer, Alabama, mwaka 1962, mtoto wa nane katika watoto kumi. Hilo jina la Bo lilitokana na neno la Kiingereza la nguruwe mwitu, kwa vile alipokuwa mdogo ndugu zake walimwona mkorofi na mwenye nguvu kama mnyama huyo. (Wakati wa chakula mpwa wangu hulazimika kumwita Bwana Jackson.) Naye pia alipata Heisman, ya mwaka 1985, akiwa Chuo Kikuu cha Auburn. Mwaka uliofuata timu ya Tampa Bay ilimchagua wa kwanza kabisa miongoni mwa wachezaji wapya wa nchi nzima, naye akawakatalia. Walikuwa wamempandisha ndege ya mwenye timu kwenda kuwatembelea, na safari hiyo ikamfanya apoteze haki ya kumaliza msimu wake wa besiboli chuoni. Akaapa hatawachezea, na hakuwachezea. Alikwenda Kansas City kucheza besiboli na timu ya Royals.

Watu wakadhani basi, mpira wa Kimarekani umempoteza. Lakini mwenye timu ya Raiders, Al Davis, hakuwa mtu wa kuona kitu kizuri kimelala njiani akakipita. Mwaka 1987 alimchagua Bo katika raundi ya saba, akiwa mtu wa 183. Wakaafikiana hivi: Bo atacheza besiboli Kansas City mpaka msimu wake uishe, kisha ndipo aje Los Angeles, ilhali wenziwe wameanza kuumizana tangu Septemba. Bo mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba mpira wa Kimarekani kwake utakuwa burudani ya kujipumbaza baada ya kazi. Hebu fikiria, msomaji, wewe ni Allen, na burudani ya mwenzio ndiyo riziki yako.

USIKU WA SEATTLE

Nisije nikaambiwa nimemficha Bo sifa zake. Tarehe 30 Novemba 1987, siku aliyotimiza miaka 25, Raiders walikuwa Seattle, nchi nzima ikitazama. Bo alipewa mpira mara 18 akakimbia yadi 221. Mara moja alitokea kushoto kwenye yadi ya tisa ya upande wao, akaupata ukingo wa uwanja, na wale waliokuwa wakimfukuza wakaonekana kama watu wanaotembea. Zilikuwa yadi 91. Alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kukimbia mpaka akaingia kwenye njia ya chini ya majukwaa, akapotea machoni. Baadaye, karibu na mstari wa mwisho, alikutana ana kwa ana na Brian Bosworth, mlinzi aliyekuwa na majigambo mengi wiki ile, akambeba kifuani akaingia naye ndani.

Filamu hiyo nimeitazama pengine mara ishirini. Wallahi sijaona kiumbe mzito namna ile akienda kasi namna ile.

Na mbele yake, katika mechi nyingi za miaka hiyo, akimfyekea njia, alikuwa nani? Marcus Allen, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1985. Waliwekwa pamoja uwanjani, Bo nyuma kama mbeba mpira, Allen mbele kama fulubeki, ile kazi ya ujanani alipokuwa akimngoja Charles White. Allen aliikubali, akaifanya, na akaifanya vizuri.

Sisi tuliopitia chuoni tunaijua hali hii. Huja kijana mgeni mwenye sauti ya kumliza mtu, naye mkubwa wa chuo, aliyewasomesha wadogo miaka mitano na kubeba maji na kuni, ana sauti ya kawaida. Usiku wa maulidi mwenye sauti hupewa kusoma, na hapana ubaya. Lakini maalimu mwenye busara hamweki mkubwa wa chuo mlangoni kupanga viatu.

HESABU YA MPWA WANGU

Mpwa wangu, kama vijana wote wa siku hizi, hubisha kwa tarakimu. Mwaka 1987, asema, Bo alibeba mpira mara 81 akapata yadi 554, kiasi cha yadi 6.8 kwa kila mara. Allen mwaka huo huo alibeba mara 200 akapata yadi 754, hata yadi 4 kwa kila mara hazitimii. Katika miaka yake yote minne Bo alibeba mara 515 akapata yadi 2,782, ambazo ni yadi 5.4 kwa kila mara. “Mjomba,” huniambia, “hapo pana ubishi gani tena?”

Upo, mwanangu. Wastani ni kama mvuvi aliyeingia baharini siku kumi. Siku tisa amerudi na vidagaa vya kuonjesha paka, siku ya kumi akamnasa nguru mkubwa. Ukigawanya ratili kwa siku, utasema mvuvi huyu hula vizuri kila siku, kumbe siku tisa watoto wamelala na njaa. Katika mchezo ambao mtu ana majaribio 4 ya kupata yadi 10, anayekupa yadi 3 na 4 kila umwitapo anaweza kukufaa kuliko anayekupa moja, moja, hasara mbili, kisha 60. Sisemi kwamba Bo alikuwa hivyo kabisa. Hata ukiiondoa ile mbio ya yadi 91 ya Seattle, zilizobaki ni yadi 130 kwa mara 17, na hizo ni nyingi mno. Nasema tu kwamba wastani hauhukumu peke yake. Kama mtunzi nalijua hili pia: ubeti mmoja wa ajabu haufanyi utenzi. Utenzi una beti mia kadhaa, na nyingi katika hizo ni za kubeba hadithi tu, na ni lazima awepo wa kuzibeba.

Tena kuna jambo la mwili. Bo aliingia msimu wa 1987 tarehe 1 Novemba, akiwa na miguu ambayo tangu mwaka uanze haikuangushwa na mtu. Waliomkabili walikuwa wamekwisha kupigwa miezi miwili. Allen alikuwa miongoni mwa hao waliopigwa. Kulinganisha miguu ya namna mbili hizo ni kama kumshindanisha punda aliyebeba mchanga tangu alfajiri na aliyefunguliwa zizini adhuhuri.

Na zile kazi mbili nyingine hazimo katika hesabu ya mpwa wangu. Allen alikuwa miongoni mwa wapokeaji bora wa mpira katika wabeba mpira wote waliopata kuwepo, na hakuna hesabu ya yadi inayoonyesha mara ngapi alimwokoa kwotabeki asivunjwe mbavu.

Mwaka ninaoupenda kuutaja ni 1990. Allen alikimbia yadi 682, Bo yadi 698. Tofauti yao ni yadi 16, hatua chache za mtu mzima. Lakini Allen alivuka mstari wa mwisho kwa mbio mara 12, na Bo mara 5, kwa kuwa timu ilipokuwa imebakiza yadi moja au mbili, watu kumi na mmoja wameziba mlango, aliyeitwa alikuwa Allen. Raiders walishinda mechi 12 wakashindwa 4, na huo ndio uliokuwa mwaka wao mzuri kupita yote katika ile minne. Miaka mitatu ya kwanza ya Bo, pamoja na shangwe zote za Seattle, walishinda 5, kisha 7, kisha 8. Sitamlaumu Bo kwa hayo, maana timu ilikuwa na kasoro nyingine, na mwaka 1987 wachezaji walikuwa wamegoma wiki kadhaa. Lakini anayesema Bo alistahili kuanza kwa sababu timu ilimhitaji ili ishinde, na anionyeshe huo ushindi.

Hukumu yangu basi ni hii. Allen aanze, Bo aingie. Mgeni wa Novemba apewe mpira kadiri anavyoweza kuubeba, wala mtu asimwonee kijicho, lakini mwenye nyumba asihamishwe kitandani. Mpwa wangu hujibu kwamba nikiwa na yadi 91 mbele yangu na mpira mmoja tu wa kutoa, hata mimi nitampa Bo. Ni kweli nitampa. Lakini nikiwa na yadi moja, sitamwangalia hata usoni.

NYONGA

Tarehe 13 Januari 1991, uwanjani Los Angeles, Raiders walikuwa wakicheza na Cincinnati katika mechi ya mtoano. Bo alitoroka tena, safari hii yadi 34, na mlinzi aitwaye Kevin Walker akamshika mguu kwa nyuma. Kuanguka kwenyewe ni kwa kawaida. Ukitazama filamu hudhani kama pametokea jambo. Lakini mguu ulibaki umeshikwa na mwili wenye nguvu zile ukaendelea mbele, na nyonga ikachomoka mahali pake. Damu ikakatika kufika kwenye mfupa, na mfupa ukafa. Hakucheza tena mpira wa Kimarekani. Alikuwa na miaka 28.

Kuna watu waliosema mshika mbili moja humponyoka. Mimi naona si uungwana kumsomea methali mtu aliyevunjika. Timu yake ya besiboli ilimwacha Machi 1991, akachukuliwa na White Sox wa Chicago, akawekewa nyonga ya bandia mwaka 1992, na Aprili 1993, mara ya kwanza kusimama kupiga akiwa na nyonga hiyo, aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Mtu kama huyo hakushindwa na kitu.

Nataka tuitazame Los Angeles baada yake, kwa kuwa hapo ndipo ubishi wa miaka minne ulipovuliwa nguo. Kama swali lilikuwa ni nani bora baina ya Allen na Bo, sasa Bo hayupo. Swali limejijibu. Mwenye nyumba arudishwe kitandani mwake.

Hakurudishwa. Mwaka 1991 Raiders walimleta Roger Craig kutoka San Francisco, mtu mwenye umri wa miaka 31. Mwaka 1992 wakamleta Eric Dickerson kutoka Indianapolis, naye alikuwa na miaka 32 na ubora wake ulikuwa umempita. Msimu huo wa 1992 Allen alipewa mpira wa kukimbia nao mara 67 tu. Wabeba mpira wazuri kama anavyokuwa yeye wanaweza kupewa idadi hiyo katika mechi tatu.

Mwezi wa Desemba 1992, wakati wa mapumziko ya mechi iliyoonyeshwa nchi nzima, yakatangazwa mahojiano aliyofanya na Allen mtangazaji Al Michaels. Allen, aliyenyamaza miaka mingi, alisema wazi kwamba Al Davis mwenyewe ndiye aliyekusudia kuimaliza kazi yake. Davis alikanusha. Kisa kilichowagombanisha kila mtu ana chake: wengine husema ni mshahara, wengine ule mpira ulioponyoka dhidi ya Philadelphia, wengine husema Allen alipendwa na watu kupita mwenye mali. Mimi sina haja ya kuchagua. Ninachokiona ni kwamba watu wa Los Angeles walibishana miaka minne juu ya yadi na kasi na wastani, wakidhani uwanjani ndiko kunakoamuliwa nani aanze, ilhali mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja ambaye hata viatu vya mpira hakuvaa.

Tumtendee haki Davis pia, maana amekwisha kufariki tangu 2011 na hawezi kujibu. Ndiye aliyempa ukocha mkuu Tom Flores, mtu mwenye asili ya Meksiko, ambaye Raiders walishinda naye Super Bowl mbili. Ndiye aliyempa timu Art Shell mwaka 1989, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa NFL katika zama za sasa. Aliyefanya hayo hakuwa mtu mdogo. Lakini mtu anaweza kuwa mkarimu kwa umma na bado akaweka kinyongo kwa mmoja, na huyo mmoja ukarimu wake haumfai kitu.

KANSAS CITY

Mji wa Kansas City umo katika kisa hiki kila upande. Ndiko Bo alikokuwa akicheza besiboli, na timu yake ya mpira wa Kimarekani, Chiefs, ni hasimu wa Raiders wa tangu zamani. Nao walikuwa na ubishi wao, na huo unatuhusu kidogo sisi wa bara hili. Mbeba mpira wao alikuwa Christian Okoye, Mnaijeria wa Enugu, aliyekwenda California kusoma na kurusha kisahani. Mwaka 1984 aliachwa nje ya timu ya Olimpiki ya nchi yake, na hapo ndipo alipoushika mpira ule wa ncha mbili kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1989 alikuwa wa kwanza katika ligi nzima kwa yadi 1,480. Mwaka uliofuata tu akatokea Barry Word, akakimbia yadi 1,015 Okoye akipata 805, na Kansas City nayo ikakaa barazani kubishana nani aanze. Okoye aliondoka baada ya msimu wa 1992, magoti yamechoka.

Ndipo 1993 akaja Allen, mwenye miaka 33, umri ambao mbeba mpira hutafutiwa kazi ya utangazaji. Chiefs hawakumwahidi makubwa. Walimpa mpira tu. Msimu huo wa kwanza alivuka mstari kwa mbio mara 12, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi upya, na Chiefs wakawashinda Raiders mara zote mbili walizokutana kabla ya mtoano. Mpwa wangu husema hapo kwamba Bo angekuwa mzima angefanya zaidi. Pengine. Msala ulikuwa wa hariri, sikatai, ila ulikuwa ukipita.

Allen alicheza Kansas City misimu mitano. Mwaka 1997, huo ukiwa msimu wake wa 16, mwenye miaka 37, alivuka mstari mara 11, nyingi katika hizo kutoka yadi moja na mbili. Alipovua viatu alikuwa na yadi 12,243 za kukimbia, na alikuwa amevuka mstari kwa mbio mara 123, idadi ambayo hadi wakati huo hapana aliyeifikia. Kati ya hizo, yadi 3,698 na mara 44 za kuvuka mstari alizipatia Kansas City, baada ya Los Angeles kumwona amekwisha.